Beringi Haifi Yenyewe

Sauti ilianza mara tu tulipoiacha Mpanda mjini. Ulikuwa mvumo wa chinichini, kama wa mzinga wenye nyuki unapouwekea sikio kwa nje. Ulianza mshale wa spidi ulipofika 40, ukakolea kwenye 60, na nilipoachia mafuta ukafifia. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zimeziharibu vibaya barabara zetu, na mimi nilikuwa dereva wa gari la chanjo mwenye umri wa miaka 26. Nyuma yangu alikaa nesi mmoja na masanduku mawili ya baridi. Tulikuwa tunakwenda Usevya, Mamba na Majimoto, ng'ambo ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

"Mdogo wangu," nesi akaniambia, "hiyo sauti juzi haikuwepo."

"Ni matairi mapya, dada. Haya ya meno makubwa yanavuma."

Sikumdanganya, niliamini hivyo. Matairi ya matope huvuma kweli, na tulikuwa tumeyafunga wiki iliyotangulia. Tena gurudumu la mbele kushoto, ambako sauti ilionekana kutokea, lilikuwa limebadilishwa beringi wiki tatu tu kabla, katika gereji moja ambayo sina haja ya kuitaja. Beringi mpya italiaje? Kwa fikra hiyo nikaendelea kukanyaga mafuta.

Leo najua kutenganisha sauti hizo mbili bila kuacha usukani. Mvumo wa tairi hufuata barabara. Ukitoka kwenye changarawe ukaingia kwenye mchanga laini au lami, hubadilika au hupotea kabisa. Mvumo wa beringi haujali umekanyaga nini. Unajali mwendo na uzito. Ukiweka gia huru gari likiserereka, sauti ya injini hushuka lakini beringi huendelea kulia. Na ukipata mahali peupe pasipo magari, yumbisha usukani taratibu: ukikata kulia, gari hulalia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ya kushoto hupaza sauti; ukikata kushoto, inapumzika na kunyamaza kidogo. Kila kona niliyoikata siku ile ilikuwa inanipa jibu, ila mimi sikuwa nimeuliza swali.

Dalili ya pili ilikuja Sitalike, tunashuka kuelekea darajani pale viboko wanapolala mtoni. Nilikanyaga breki, pedali ikazama kuliko kawaida. Nikakanyaga mara ya pili, ikasimama imara. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikatazama mafuta ya breki. Yalikuwa yamejaa. Nikafunga boneti, nikapanda, nikaondoka. Nimelikumbuka tendo lile mara nyingi sana. Nilikuwa nimeona jambo lisilo la kawaida, nikalitafutia sababu moja, sababu ikakosekana, nami nikalichukulia kana kwamba na jambo lenyewe halipo.

Dalili ya tatu haikuhitaji elimu. Tulikuwa katikati ya hifadhi, ndorobo wameanza kuingia kwa madirisha, iliponuka grisi iliyoungua. Usukani ukaanza kutikisika mikononi, kisha ukasikika mlio wa chuma kusaga chuma. Nilisimama hapo hapo. Nilipolisogelea gurudumu la kushoto, joto lilinifikia kabla sijagusa kitu. Kifuniko cha habu ya kulia, yaani kitovu cha gurudumu la upande huo, kilikuwa na uvuguvugu tu wa safari.

Lori lililokuwa linakwenda Kibaoni lilimchukua nesi na masanduku yake jioni ile. Alihesabu vipande vya barafu mbele yangu kabla ya kupanda, akaniambia vitatosha mpaka kesho kutwa, na kweli vilitosha. Watoto wa Usevya walichanjwa. Gari jingine, la kurudi Mpanda, lilibeba karatasi yangu ya kuomba fundi, mistari minne. Usiku sitausimulia sana. Nililala ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nikisikiliza simba mbali na viboko karibu, na mawazo yangu yalikuwa kwenye barafu ile.

Fundi aliyekuja kesho yake saa nne asubuhi alikuwa mzee wa Mpanda ambaye sote tuliompelekea magari tulimwita Mzee tu. Alishuka na mfuko wa vifaa, jeki mbili na kigogo cha mninga.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeligusa?"

"Hapana. Nilisimama tu."

"Vizuri. Basi bado linasema kweli."

Hakuchukua spana. Alikaa kwenye kivuli cha gari akaanza kuniuliza. Sauti ilianza lini? Ilikuwa na mwendo gani? Kwenye kona je? Breki ilikuwaje? Nilipomweleza habari ya pedali, akanitazama. "Hiyo ndiyo ilikuwa inakuita kwa jina," akasema. Habu ikilegea, diski hucheza kushoto na kulia, na kila ikicheza husukuma pedi za breki kuzirudisha nyuma. Ukikanyaga, mkanyago wa kwanza unatumika kuzileta pedi karibu. Wa pili ndio unaokamata. Mafuta yamejaa, hakuna panapovuja, breki ni nzima. Kilicholegea ni gurudumu.

Kisha akanifundisha kitu ambacho nimekifanya kwa kila gari tangu siku hiyo. Tuliinua upande wa kushoto kwa jeki, akaweka kigogo chini ya ekseli ili jeki isiwe peke yake. Akaniambia nishike tairi juu kabisa kwa mkono mmoja na chini kabisa kwa mkono wa pili, nivute na kusukuma. Gurudumu lilicheza kama jino la mtoto. "Sasa kaa ndani ukanyage breki, uishikilie." Akavuta yeye, huku breki imeibana diski. Mchezo uliisha karibu wote. Breki inapobana, habu na mkono wa usukani huwa kitu kimoja. Ukiona mchezo umekwisha, ulikuwa kwenye beringi za gurudumu. Ukiona umebaki, tatizo liko nyuma zaidi, kwenye zile beringi ndogo za juu na chini ambazo mkono wa usukani unazungukia, mafundi wanaziita za kingi pini. Na ukishika kushoto na kulia badala ya juu na chini, ukasikia mchezo wa upande huo tu, tafuta kwenye endi za usukani.

Nikamwuliza kwa nini ahangaike kupima, ilhali ubovu unaonekana kwa macho. Hakunijibu kwa maneno. Aliinua na upande wa kulia, uliokuwa mzima, akanifanya nishike vilevile. Mkono wangu ukajifunza uzima unavyokuwa. Bila hicho, nisingekuwa na cha kulinganishia.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Land Cruiser, ile HZJ75 yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na ekseli nzima mbele. Wanaolijua watakumbuka kwamba habu yake ya mbele ina beringi mbili, kubwa ya ndani yenye tundu la milimita 50 na ndogo kiasi ya nje, na kwamba si za gololi. Ni za rola nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, zimepangwa kwenye koni, na koni hiyo inakaa ndani ya kikombe, yaani pete ya chuma iliyogongwa ikabana ndani ya habu. Muundo huo Henry Timken aliusajili Marekani mwaka 1898. Alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi, na shida iliyomsumbua ilikuwa kona: mzigo haukandamizi kutoka juu peke yake, unasukuma na kutoka ubavuni. Rola zilizolala mshazari hubeba mizigo yote miwili. Lakini kwa sababu zimelala mshazari, lazima beringi mbili zitazamane na zibanwe kwa kipimo. Zikilegea, zinagongana. Zikikazwa mno, zinaungua. Anayeamua ni mtu mwenye spana, na hapo ndipo maisha ya beringi yanapoanza au yanapokatishwa.

Mzee alitandika gunia safi chini. Alifungua nati sita za kifuniko cha habu, akagonga kingo zake kwa shaba mpaka zile washa za koni zilizobana kwenye stadi zikaruka zenyewe. Akatoa klipu ya mwisho wa shafti. Ndani mna nati mbili kubwa za milimita 54 zilizobana washa moja yenye ndimi kati yake. Aliziangalia kwa tochi kabla ya kuziweka soketi.

"Njoo uone."

Kona za nati zilikuwa zimeliwa. Zilikuwa na alama za tindo, mbichi, kila upande. Yule aliyezifunga wiki tatu kabla hakuwa na soketi ya 54, kwa hiyo alizikaza kwa kuzigonga. Mzee alichovya kidole kwenye grisi iliyobaki, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanipa na mimi. Nilisikia chenga. Vilikuwa vijipande vya chuma vilivyomeguka kwenye nati. Vilikuwa vimekaa ndani ya grisi kama mchanga ndani ya wali, na beringi ilikuwa imevitafuna kwa wiki tatu.

Alipovuta habu, rola za beringi ya nje zilimwagika juu ya gunia. Kishikio cha rola hizo kilikuwa kimepasuka. Pete ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye spindo, ule mhimili ambao habu huzungukia, kama pete kwenye kidole kilichovimba, nayo imegeuka rangi, ukingoni manjano ya majani makavu, katikati bluu. Bluu hiyo ni joto. Chuma cha beringi kikishafika huko, ugumu wake umepotea hata kama kwa macho kinaonekana kizima.

Beringi ya ndani ilikuwa na habari yake. Rola zake zilikuwa mpya, zinang'aa bado katika sehemu chache, lakini kikombe kilikuwa cha zamani. Uso wake ulikuwa na mistari na vishimo, na kutu ya siku nyingi. Fundi aliyetangulia alibadilisha koni akaacha kikombe, pengine kwa sababu kikombe kinasumbua kukitoa, pengine ili abaki na kingine cha kuuza. Sijui na sitamzulia. Najua tu kwamba koni na kikombe huja pamoja katika boksi moja kwa sababu vimekusudiwa kuchakaa pamoja. Rola mpya juu ya kikombe chenye mashimo ni sawa na gari jipya kwenye barabara yenye mahandaki.

Kisha sili, ile ya mpira inayoziba nyuma ya habu. Mdomo wake ulikuwa mgumu na umechanika sehemu moja. Grisi iliyokuwa nyuma yake haikuwa grisi tena. Ilikuwa ya kijivu, laini, kama uji uliochanganyika na majivu. Ni maji hayo.

"Umevuka maji lini?"

Nilikumbuka. Siku kumi kabla, korongo lililofurika, maji yalifika juu ya habu. Tulikuwa tumetoka mwendo mrefu, nikaingia bila kusimama, nikatoka ng'ambo nikifurahi kwamba injini haikuzima. Mzee aliniomba chupa ya soda iliyokuwa tupu ndani ya gari. Ilikuwa imekaa juani kwenye dashibodi na ilikuwa ya moto. Aliigeuza mdomo chini, akauzamisha katika ndoo ya maji ya baridi, akamwagia na mgongo wa chupa maji kidogo kwa kiganja. Tukatazama maji yakipanda yenyewe ndani ya shingo ya chupa.

"Habu yako ilikuwa hivi," akasema. Hewa iliyomo ndani ya habu ya moto, ikipoozwa ghafla na maji ya korongo, husinyaa na kuvuta. Sili nzima hustahimili. Sili iliyochanika hufungua mlango. Maji huingia, hukaa, na hayatoki. Siku ya pili kutu imekwisha kuanza kwenye kikombe.

Tulikuwa na wauaji watatu juu ya gunia moja: tindo, kikombe cha zamani, na maji. Mmoja kati yao nilimleta mimi. Mzee alikaa kimya kidogo akifuta mikono, kisha akasema maneno niliyoyafanya kichwa cha habari hii. "Beringi haifi yenyewe, mwanangu. Inauawa. Mtafute kwanza aliyeiua, ndipo umlete mwenzake. Vinginevyo unamleta kwa muuaji yule yule."

Nimefanya kazi na mafundi wengi baada yake. Wengi wao ni hodari wa mikono. Kinachowapungukia walio wengi ni dakika zile za kukaa mbele ya gunia na kusoma vilivyotoka. Gari huletwa likilia, kitu kinachukuliwa dukani, kinagongwa mahali pake, hela inalipwa. Chuma kibovu kinatupwa kwenye ndoo na ushahidi wote umo humo. Tangu siku ile sijakubali fundi atupe kitu chochote kilichotoka kwenye gari langu kabla sijakigeuza mkononi.

Kufunga kulichukua muda kuliko kufungua, na sehemu kubwa ilikuwa kuosha. Mzee aliosha habu kwa dizeli mara tatu, ya mwisho kwa dizeli mpya kabisa, akaifuta, akaiacha ikauke juani. Pete iliyong'ang'ania aliitoa kwa kuigonga kidogo kidogo kutoka nyuma, upande huu kisha upande ule. Makovu ya spindo akayalainisha kwa tupa na msasa mpaka pete mpya ikateleza kwa kidole. Ingekataa, asingeilazimisha, tungetafuta spindo nyingine. Vikombe vya zamani alivitoa kwa kupitisha fimbo ya shaba kwenye mapengo yaliyoachwa ndani ya habu kwa kazi hiyo. Vipya alivigonga kwa kutumia vile vya zamani kama kisukumio, ili nyundo isiguse uso mpya hata mara moja.

"Sikiliza," akaniambia. Kikombe kikiwa njiani, kila pigo linalia kama kengele ndogo. Kikifika chini na kukaa, sauti hubadilika ghafla, inakuwa nzito, fupi, kama kugonga jiwe. Alinipa nyundo kikombe cha pili nikigonge mimi. Niliisikia sauti ikibadilika na nikaacha palepale.

Grisi aliipaka kwa kiganja. Unaweka bonge la grisi katikati ya kiganja cha kushoto, unashika koni kwa mkono wa kulia upande wake mpana ukiwa chini, unaikandamiza kwenye ukingo wa bonge kwa kuivuta kuelekea kwako, tena na tena, mpaka grisi inachomoza kwenye mianya ya juu kati ya rola. Unazungusha kidogo, unarudia, mpaka umemaliza mzunguko mzima. Kupaka kwa nje peke yake ni kuipamba tu, ndani inabaki kavu. Wala hakuchanganya grisi mpya na mabaki ya zamani, kwa sababu aina mbili za grisi zikikutana huweza kuharibiana, zikayeyuka na kumwagika. Sili mpya alipaka grisi mdomoni kabla ya kuivalisha.

Halafu nati. Alikaza ya ndani kwa soketi huku mimi nazungusha habu kulia na kushoto, ili rola zikae. Akailegeza kabisa. Akaikaza tena kidogo. Kisha akatoa mfukoni mzani wa ndoana, ule wanaopimia samaki wachuuzi wa Karema, akaitundika ndoana kwenye stadi moja ya gurudumu na kuvuta kwa pembeni, pedi za breki zikiwa hazijarudishwa. Alitazama mshale habu ilipoanza kusogea. Alitaka usome kati ya kilo 3 na kilo 5 na nusu. Mara ya kwanza ulisoma chini ya 2, akakaza kidogo, ukasoma 4. Akavika washa ya ndimi, akakaza nati ya nje, akapima tena. Ulikuwa umepanda mpaka 6, kwa sababu nati ya nje inapokazwa huisukuma ya ndani. Akafungua zote mbili akaanza upya. Jua lilikuwa la utosi, ndorobo wanatuuma, na Mzee alikuwa anafungua kazi iliyokwisha kwa ajili ya nusu kilo. Alipopata 4 na nusu baada ya kukaza zote, ndipo akakunja ulimi mmoja wa washa ndani na mmoja nje.

Nimeshika soketi ya 54 mara nyingi tangu hapo, na mzani wa samaki umo kwenye boksi langu la vifaa. Kuna mafundi wanaojua kukaza kwa mkono bila kupima na wakapatia. Nawaheshimu. Lakini mkono unaojua hivyo umefunga habu nyingi sana, na kabla haujafika huko, habu hizo zilikuwa za watu.

Tuliondoka saa tisa alasiri. Tulipokwenda kama kilomita kumi Mzee alinisimamisha, akashuka, akaweka kiganja juu ya habu ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ya kushoto. Akapanda. Baada ya kilomita elfu moja niliinua tena gurudumu lile, nikashika juu na chini. Halikucheza.

Mimi mwenyewe nilikosea baadaye, na kosa hilo linafaa kusemwa. Miaka minane hivi baada ya Katavi, gari jingine la aina ile ile lililetwa kwangu, gurudumu la mbele kulia linacheza juu na chini. Nilikuwa na haraka. Nikafungua habu, nikabadilisha beringi zote mbili na vikombe vyake, nikapima kwa mzani, kazi safi. Nilipoteremsha jeki na kuinua tena, mchezo ulikuwa palepale. Zilikuwa beringi za kingi pini. Mtu mmoja kukaa ndani akanyage breki kwa nusu dakika kungeniokolea mchana mzima, na kungemwokolea mwenye gari fedha ya beringi mpya nilizozifunga badala ya zile nzuri nilizozitoa. Nilimrudishia fedha hiyo. Tangu hapo sifungui habu kabla mtu hajakaa ndani akanyage breki.

Kuhusu beringi za kununua, ninayo machache. Soma namba iliyochongwa kwenye pete yenyewe, usitosheke na ya boksi. Koni ina namba yake na kikombe kina yake, nazo hazifanani, lakini zinapaswa kuwa za mtengenezaji mmoja. Maandishi yaliyochongwa hafifu, yaliyopinda, au yanayofutika kwa kidole cha mafuta, yaache dukani. Na bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, jiulize nani kalipa tofauti.

Magari mapya mengi yana beringi zilizofungwa pamoja na habu, hazipakwi grisi wala hazikazwi kwa kipimo. Zikilia, unabadilisha kitu kizima. Kazi ni fupi zaidi, ila kule kusikiliza hakujabadilika, wala kupima kwa juu na chini, wala kutafuta sababu. Na zile za kusukumwa kwa presi, sukuma pete inayobana; ukisukuma ile nyingine, nguvu yote inapita kwenye gololi na umeiua beringi kabla haijaonja barabara.

Lakini magari yenye ekseli nzima bado yapo mengi, kwenye hospitali zetu, misheni, hifadhi na halmashauri, na yataendelea kuwepo muda mrefu, kwa sababu yanafika pasipofikika. Wanaoyaendesha ni vijana kama nilivyokuwa mimi, na nyuma yao kuna nesi, au mgonjwa, au sanduku la baridi. Kwenu nyinyi naomba jambo moja. Mkifika kwenye maji marefu baada ya mwendo mrefu, simameni kwanza, habu zipoe kabla ya kuingia. Na maji yakishafika juu ya habu, msingoje mvumo. Fungueni wiki hiyo hiyo, mtazame rangi ya grisi, mbadilishe sili. Magurudumu mawili ya mbele ni kazi ya asubuhi moja.